Mtandio, Upepo na Gurudumu

Wadogo zangu wa Garissa, Wajir na Mandera, na nyinyi mlioko Dadaab, Bura na Masalani. Idi ikishapita na shule zikifungwa, harusi zetu hufuatana wiki baada ya wiki, na maswali yenu kwangu huongezeka. Safari hii mengi yanahusu usafiri. Mmoja wenu ameuliza kama bi harusi yuko salama ndani ya gari la paa la kufunguka lililokodishwa Nairobi. Mwingine anataka kutokeza kifua kwenye dirisha la paa ili apige video ya msafara. Wa tatu hana habari na magari hayo. Yeye hupanda tuktuk asubuhi kwenda chuoni na bodaboda jioni kurudi nyumbani, na eedo yake, yaani shangazi, amemwonya kwamba ipo siku mtandio wake utamuua.

Nitawajibu pamoja, maana mmeuliza jambo moja. Gari la paa wazi, pikapu, tuktuk, bodaboda na lori unalopanda juu ya mizigo, vyote vimeondoa ukuta uliokuwa kati ya mwili wako na barabara. Upepo unaingia, na kwa joto letu raha ya upepo huo haihitaji maelezo. Lakini ukuta ukiondoka, huingia pia hatari ambazo abiria wa gari la kufungwa hazijui, na nyingi hazingoji gari liende kasi. Tuanze na ile inayowagusa wasichana wetu zaidi.

Mtandio kwanza

Tarehe 14 Septemba 1927, mjini Nice, Ufaransa, mcheza dansi maarufu wa Marekani aliyeitwa Isadora Duncan alipanda gari dogo la wazi. Alikuwa na umri wa miaka 50, na shingoni alijifunga mtandio mrefu wa hariri. Gari liliondoka, ncha ya mtandio ikapeperuka nyuma, ikanaswa na gurudumu. Kitambaa kikabana, kikamvuta, kikamvunja shingo. Hakukuwa na mgongano wala mlevi barabarani. Kulikuwa na kitambaa, upepo na gurudumu lisilofunikwa.

Kisa hicho hukumbukwa kwa kuwa mwenyewe alikuwa na jina. Wanawake wasio na jina bado wanaumia vivyo hivyo. Huko Savar, karibu na Dhaka, nchini Bangladesh, kuna kituo kiitwacho CRP, alichokianzisha Valerie Taylor mwaka 1979 kuwahudumia watu waliopooza kwa kuumia uti wa mgongo. Miongoni mwa waliofikishwa huko wamo wasichana waliokuwa abiria tu kwenye tuktuk za betri. Mitandio yao mirefu ilishuka hadi kwenye vyuma vinavyozunguka chini ya kiti, ikazongwa, ikawavuta shingo. Wengine walikuwa wanakwenda shuleni.

Sasa tazama mavazi yetu. Garbasaar, shali yetu, inafika mita 2 na zaidi. Diraac, gauni letu la sherehe, ni pana, nyepesi, na upindo wake unaburuzwa chini kwa makusudi, maana ndiyo sura yake. Siku ya shaash saar, bi harusi anapovishwa kitambaa cha kichwa, wanawake kumi hubanana kwenye tuktuk tatu, kila mmoja na kitambaa kinachotafuta pa kutokea. Fanya hesabu nami. Gurudumu la bodaboda lina kipenyo cha sentimita 60 hivi. Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, huzunguka karibu mara 6 kila sekunde. Ncha ikishika spoki, mtandio wote umemezwa kabla hujamaliza kumwita dereva. Ndiyo maana nasema jambo hili hupangwa kabla ya kupanda. Ukishapanda, huna muda tena.

Kwa hiyo eedo hakukosea kuogopa, na mpe heshima yake kwa kuogopa. Ninapotofautiana naye ni pale hofu hiyo inapogeuka kuwa amri ya msichana kubaki nyumbani, au pale vijana wa mjini wanapomwambia avae nguo za kubana ndipo atakuwa salama. Abaayo, dada yangu, stara yako haina kosa. Kosa ni la gurudumu lililoachwa wazi kando ya mwanamke aliyevaa kama wanawake wa kwao wanavyovaa.

India walilielewa jambo hili zamani, kwa sababu ya sari. Kanuni zao za magari zinataka kila pikipiki inayobeba abiria iwe na mahali pake pa kushika, pa kukanyaga, na kinga inayofunika angalau nusu ya gurudumu la nyuma ili nguo ya abiria isinaswe. Hawakumwambia mama avue sari. Walimwambia mwenye kiwanda aweke chuma. Pikipiki na tuktuk nyingi za Garissa zimetoka India hiyo hiyo. Basi bodaboda akija na kinga hiyo ubavuni mwa gurudumu, mpande na umsifu. Akija bila hiyo, mwambie aende kwa fundi wa kuchomelea vyuma, atengenezewe wavu wa kufunika spoki na cheni upande wanaokalia wanawake. Kazi hiyo haihitaji mtambo wa ajabu. Inahitaji abiria wanaoidai.

Namna ya kupanda

Wakati tunadai kinga, jilinde hivi. Kabla ya kuketi, kusanya upindo wa nguo upande mmoja, ulete mbele, uukunje juu ya mapaja, halafu uukalie kidogo kila upande. Mkoba uweke juu yake. Ncha za mtandio zipitishe ndani ya jilbabu au abaya, zisiachwe mgongoni. Ukiketi, pitisha mkono chini, pande zote mbili, uhakikishe hakuna kilichobaki nje. Kisha mtazame na mwenzako. Kwenye tuktuk, anayekaa pembeni hawezi kuuona upindo wake ulioshukia nje kama anavyouona aliyeketi katikati.

Usizungushe mtandio mara mbili shingoni na kuufunga fundo. Ufunge kwa namna ambayo ukivutwa utatoka. Najua unachofikiria: ukitoka, nitabaki kichwa wazi mbele ya watu. Hapo ndipo kofia ya ndani inapokuwa na faida kubwa. Vaa kofia inayobana na kufunika nywele zote, kisha mtandio juu yake. Ukinaswa, uachie uende bila kusita hata nusu sekunde, na stara yako itabaki. Msichana aliyejipanga hivyo hataushikilia mtandio kwa aibu wakati gurudumu linamvuta.

Halafu kuna pini. Upepo wa gari la wazi hulegeza hijabu, na mkono wetu umezoea kuchomoa pini, kuibana kwa meno, kupanga kitambaa, kisha kuichomeka tena. Madaktari wa nchi nyingi za Kiislamu wameandika juu ya wasichana walioingiza pini hizo kwenye njia ya hewa kwa kuvuta pumzi, kucheka au kuongea huku pini iko mdomoni. Wengine ilibidi watolewe pini hizo kwa mpira mrefu wenye kamera, wakiwa wamelazwa usingizi. Na hao wengi walikuwa wamesimama mbele ya kioo, nyumbani. Wewe uko ndani ya gari linalorukaruka. Pini isiingie mdomoni kamwe. Hijabu ikilegea, ishike kwa mkono, mwambie dereva asimame, uipange.

Neno moja juu ya bodaboda kabla sijaendelea. Bomba la moshi huunguza, na diraac za vitambaa vya kiwandani huyeyuka na kushikana na ngozi. Uliza bomba liko upande gani, uiweke miguu na nguo mbali nalo. Sheria ya Kenya inataka abiria avae helmeti, na abiria awe mmoja. Kofia ya ndani niliyokutajia inakaa vizuri chini ya helmeti, kwa hiyo hijabu haiwezi tena kuwa sababu ya kuikataa.

Anayetaka kusimama kwenye dirisha la paa

Mdogo wangu wa video, nakuelewa. Umewaona wanasiasa wakati wa kampeni wamesimama vivyo hivyo, wanapunga mikono, na watu wanashangilia. Lakini gari likienda kilomita 50 kwa saa hukata karibu mita 14 kila sekunde, na wewe uliyesimama unakwenda mwendo huo huo. Mbuzi akikatiza na dereva akakanyaga breki, gari litasimama na wewe utaendelea. Kitakachokuzuia ni ukingo wa paa, na utakuzuia kwa mbavu au kwa tumbo. Aliyekaa na kufunga mkanda huzuiwa na mkanda. Kanuni za mwaka 2003 zilizosimamiwa na waziri wa wakati huo, John Michuki, ziliwalazimu Wakenya kufunga mikanda hata kwenye matatu. Hakuna mkanda uliotengenezwa kwa mtu aliyesimama.

Juu nako kuna mambo. Matawi ya migunga yameinama juu ya barabara zetu nyingi, na miba yake ni mirefu kama vidole. Nyaya za umeme hushuka. Milango ya maboma ina nguzo za juu. Wewe umeipa barabara kisogo kwa sababu unapiga video ya magari yanayokufuata, hivyo tawi utalijua likishakufikia. Ninyi mnaoketi kwenye kingo za pikapu, mnaosimama nyuma ya gari la wazi au mnaoning'inia madirishani, maneno haya ni yenu pia.

Picha nzuri ipigwe gari likiwa limesimama. Tafuteni uwanja salama, zimeni gari, fungueni paa, bi harusi akae juu ya kiti cha nyuma na diraac yake imwagike anavyotaka, mpige picha hata nusu saa. Mkimaliza, mumshushe kwenye kiti, mumfunge mkanda, mkusanye kitambaa, ndipo dereva awashe gari. Msisimamishe msafara kwenye daraja la Tana. Barabara hiyo inabeba malori na mabasi mengi ya kaskazini mashariki, na dereva wa lori hana habari na harusi yenu. Watoto wote wapande gari la kufungwa. Mtoto aliyepakatwa kwenye gari la wazi hana chochote cha kumshika isipokuwa mikono ya mama, na mikono haiwezi kushinda breki.

Jua linalojificha nyuma ya upepo

Garissa iko karibu nusu digrii tu kusini mwa ikweta, kwenye mwinuko wa mita 150 hivi juu ya bahari. Mchana joto hupita nyuzi 35 mara kwa mara. Haya mnayajua kwa ngozi zenu. Linalowapita wengi ni kwamba gari la wazi likiwa mwendoni, upepo hukausha jasho kabla hujaliona. Unajisikia baridi, kumbe maji yanakutoka na jua linakuunguza paji la uso, pua na migongo ya mikono. Unakuja kugundua jioni, kichwa kinauma, mkojo umekuwa wa rangi ya chai, na ngozi inawaka. Ngozi nyeusi ina kinga yake, lakini haikukingi na kila kitu.

Kwa hiyo kunywa maji kabla ya kiu. Paka losheni ya kukinga jua usoni na mikononi, hasa kama uso umesafishwa kwa krimu za kung'arisha, maana ngozi iliyochubuliwa huungua upesi zaidi. Ukiwa umefunga Ramadhani, panga safari baada ya alasiri. Na kama safari ni ndefu na unazidiwa, kumbuka Mwenyezi Mungu amempa msafiri ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyingine. Mwenzako akianza kuchanganyikiwa maneno, akatapika au akakauka jasho wakati bado kuna joto, mpelekeni kivulini, mlowesheni maji, mpepeeni, na mtafute hospitali hapo hapo.

Gari la wazi lililoegeshwa juani lina mtego mwingine. Kiti cheusi cha ngozi na chuma cha mkanda hupata moto wa kuunguza mapaja ya mtoto. Tandika kikoi au maawiis kabla ya kukaa, na shika chuma kwa kitambaa kwanza.

Macho nayo yana haki yake. Vumbi la barabara ya Ijara, kijiwe kinachorushwa na tairi la lori lililo mbele, nyuki aliyetoka mgungani: kwenye gari la kufungwa vyote hivyo hugonga kioo. Kwenye gari la wazi au bodaboda hugonga wewe. Jua, vumbi na upepo vikikaa na jicho miaka na miaka, huotesha kijinyama kwenye weupe wa jicho, kikitambaa kuelekea mboni. Miwani ya jua inayozuia mionzi, inayokubana vizuri pembeni, ni kinga ya kweli, na dereva wa bodaboda anayeshinda barabarani anaihitaji kuliko bi harusi. Ukiwa nyuma ya lori, mwambie dereva aache nafasi kubwa.

Ngamia na usiku

Msafara ukitoka Garissa kwenda Modogashe au Dadaab magharibi ikiwa imekaribia, fungeni paa. Mifugo hurudi wakati huo, na usiku ngamia anaweza kuwa amelala juu ya lami. Rangi yake ni ya mchanga, hivyo taa humwonyesha akiwa karibu mno. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari hukata mita 22 kila sekunde.

Ninyi watu wa ngamia mnajua alivyoumbwa. Miguu ni mirefu, mwili uko juu, na ngamia mzima hupita kilo 400. Gari dogo likimgonga humpiga miguuni, na mwili wake wote huangukia kioo cha mbele na paa. Saudia na Oman wanaifahamu sana ajali ya namna hii, na madereva wao huonywa kwa alama za barabarani. Hata gari lenye paa la chuma hubondeka. Lisilo na paa halina hata hicho cha kubondeka, na walioketi ndio hupokea uzito wote. Twiga nao hukatiza, hasa upande wa Bour-Algi palipo na hifadhi yao, na twiga dume hupita kilo 1,000. Paa lifungwe, mwendo upunguzwe, muziki uteremshwe ili dereva asikie honi na kelele za mchungaji.

Kaka zangu mnaopanda juu ya malori ya mizigo kwa sababu nauli ni nafuu, siwatukani kwa ufukara. Nawaomba tu. Msikae juu kabisa, mtu asiachwe kulala ukingoni, na lori likianza kuyumba kwenye njia ya mchanga, semeni lisimame. Mzee wa familia akiweza kumwongezea kijana nauli ya basi, ampe. Nauli hiyo ni ndogo kuliko gharama ya kumuuguza mtu aliyevunjika mgongo.

Nguo ikinaswa

Hata mtu mwangalifu hupatwa. Ukisikia kitambaa kinavuta, piga kelele neno moja: simama! Mpige dereva begani. Achia mtandio, na uinamishe mwili kufuata unakovutwa badala ya kushindana nao. Gari likisimama, zima injini kwanza, kisha kata kitambaa kwa mkasi au kisu. Dereva wa tuktuk awe na mkasi kila siku, karibu na mkono.

Kama shingo imevutwa na mtu analalamika ganzi, maumivu ya shingo au miguu isiyotii, msimwinue wala msimkalishe. Mmoja ashike kichwa chake kwa mikono miwili kisigeuke, mwingine apige simu 999 au 112, au namba ya Msalaba Mwekundu, 1199. Hapa mjini Garissa apelekwe hospitali ya rufaa ya kaunti, akiwa amelazwa kwenye kitu kigumu na kilichonyooka. Jeraha la uti wa mgongo linaweza kuongezwa na mikono ya wanaotaka kusaidia, na hili naomba mlifundishe nyumbani kama mnavyofundisha watoto kuogopa mto ukifurika.

Sasa bi harusi wetu, jibu lako ni hili. Panda gari la paa wazi kwa picha, likiwa limesimama. Kwa safari yenyewe, paa lifungwe, mkanda ufungwe, na nguo yote iwe ndani. Mdogo wangu wa video, kaa chini. Na wewe wa tuktuk na bodaboda, endelea na chuo chako na mtandio wako. Mwambie eedo kwamba umemsikia, umevaa kofia ya ndani, na sasa unamwomba asimame nawe kumwambia yule dereva wa mtaani kwenu afunike gurudumu. Wanawake wa mtaa mmoja wakikubaliana kutopanda bodaboda isiyo na kinga kwa mwezi mmoja, mafundi wa kuchomelea wa Garissa watakuwa na foleni. Anzeni Jumamosi hii, kabla msafara haujatoka: kila tuktuk na kila pikipiki iliyoalikwa kwenye harusi ipite kwa fundi kwanza.